Mgomba wa Nakhumicha

"Tangu Mungu alipoiumba Trans-Nzoia na kuipa mahindi," alitangaza Mwalimu Gikonyo kutoka jukwaa la gwaride, mikono ameiinua kama askofu anayebariki mvua, "hakujawahi kutungwa opera katika ardhi hii. Leo, vijana wangu, tunaanza. Sisi! Ulimwengu na utege sikio!"

Ulimwengu ulitega sikio kwa muda wa kutosha kupiga miayo. Kisha deputi, yaani naibu wa mwalimu mkuu, akapanda jukwaani na tangazo lililowagusa watu zaidi: tangi la maji limepasuka, chai haipo, kila mmoja achukue ndoo aelekee mtoni. Opera ya kwanza ya Trans-Nzoia ikapanga foleni nyuma ya ndoo.

Kwenye mstari wa kidato cha tatu, Levi Wakhungu alishusha pumzi. Habari ya opera alikuwa ameshaijua, kwa sababu ndiyo iliyokuwa adhabu yake. Wiki iliyotangulia alikuwa amemfunga mbuzi wa deputi kwenye kamba ya kengele, akamtundikia majani ya viazi vitamu mbali kidogo na mdomo. Mbuzi alivuta, kengele ikalia, na shule nzima ya bweni ikaamka, ikanawa, ikapiga mswaki na kuingia darasani kungoja jua ambalo lilikuwa bado halijapata habari. Deputi alitaka mhalifu arudishwe nyumbani na mzazi wake aitwe. Mwalimu Gikonyo ndiye aliyemwombea.

"Kijana huyu," alisema ofisini, "aliandika tanzia ya meza ya bwalo iliyovunjika, na mpishi akalia machozi. Nipeni huyu. Ataniandikia maneno."

Wakampa.

Opera, Mwalimu alimfafanulia, ni mchezo wa kuigiza ambao ndani yake hakuna mtu anayesema jambo bila kuliimba. Hata ukitaka chumvi, unaiimba. Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu mwembamba, koti moja, aliyefundisha muziki kwa kinanda ambacho nusu ya vitufe vyake vilikuwa vimestaafu. Kila mwaka aliombwa wimbo wa kuhimiza jambo: watoto wachanjwe, vyandarua vitumiwe, miche ipandwe. Aliutunga, ukaimbwa, wageni wa heshima wakapiga makofi wakaenda kula pilau.

"Nimechoka kuhimiza, Levi," alisema, akifuta miwani kwa ncha ya tai. "Mara hii sitaki kumhimiza mtu yeyote afanye lolote. Nataka tulie na watu, basi."

Watu aliotaka kulia nao walikuwa wa Namukulu, kijiji cha upande wa Bungoma, ng'ambo ya Matulo. Juu ya kijiji hicho palikuwa na kilima chenye miti, na chini yake watu wenye haja. Mmoja alikata mti wa kuchomea matofali, mwingine wa makaa, mwingine wa kumlipia mtoto karo. Kila mtu alikata kidogo na kila mtu alikuwa na sababu. Mvua za mwisho wa mwaka 2006 zilipokuja, kilima hakikuwa na kitu cha kushikilia. Kilishuka alfajiri moja na kulala juu ya nyumba. Baadhi ya waliofunikwa walipatikana. Wengine, tope lilikataa kuwatoa.

Katika likizo fupi ya muhula wa kwanza wa 2007, Mwalimu alimkabidhi Levi kinasa sauti cha kaseti na betri mpya. "Nenda Namukulu. Keti na watu. Usiwe na maswali mengi. Wakiimba, nasa. Wakinyamaza, nasa pia."

Levi alifunga safari kwa nia njema kabisa, na nia hiyo ilidumu mpaka Webuye. Hapo mvua ilimwagika, barabara ya Matulo ikawa uji, na mkabala wa stendi palikuwa na kibanda cha video chenye paa zima na jenereta yenye afya. Aliingia kujikinga na mvua. Alijikinga mpaka sinema ya tatu. Alipotoka mvua ilikuwa imekatika muda mrefu, na kijana wa boda boda alikuwa tayari kumpakia kwenye baiskeli mpaka Bokoli kwa kukhu Edinah, bibi yake mzaa baba, ambaye huwezi kumtembelea usichinjiwe kuku. Jioni hiyo alisikiliza kaseti za muziki mpaka betri zikafa. Kesho yake alipanda gari la Kitale kurudi shuleni akiwa ameshiba, na ndani ya kinasa sauti hamkuwa na hata kikohozi cha mtu wa Namukulu.

Ndipo alipomkumbuka Nakhumicha.

Nakhumicha alikuwa ng'ombe wa kukhu. Jina hilo Wabukusu humpa msichana aliyezaliwa majira ya kupanda, lakini ng'ombe huyo naye alizaliwa majira ya kupanda, na kukhu hakuona kwa nini anyimwe. Alikuwa na alama nyeupe kwenye paji la uso, na penzi la chumvi lisilo na aibu. Kila jioni ukimwita nyumbani alikugeuzia mgongo akabaki amesimama kijitoni, maji yakimpita miguuni, kama mtu anayewaza mambo ya nchi. Levi alimchunga kila likizo tangu darasa la pili. Mvua zile zile zilizoshusha kilima zilijaza kijito cha Bokoli, na jioni moja Nakhumicha aliitwa, akageuza mgongo, na hakuonekana tena.

Kwa hiyo Levi aliandika, daftari juu ya goti, gari likiruka mashimo:

*Nakhumicha, jua limezama, mbona hurudi?*
*Nimekuita, umenipa mgongo.*
*Alama nyeupe ya paji lako nitaitafuta wapi kwenye tope?*
*Chumvi yako i mkononi mwangu, inayeyuka.*

Mwalimu Gikonyo aliusoma amesimama, kisha akaketi, kisha akavua miwani.

"Nani amekupa wimbo huu?"

"Mama mmoja, Mwalimu. Hakutaka kutajwa jina."

"Kwenye kaseti hakuna kitu."

"Betri zilikufa. Lakini niliushika kichwani."

"Na huyo mtoto, Nakhumicha?"

"Hakupatikana," Levi alisema, na hilo angalau lilikuwa kweli tupu.

Uongo wa kwanza uliingia peke yake. Uliofuata ulikuja na viti vyake. Mwalimu alitaka kujua mama huyo alikaaje, alivaa nini, aliinua sauti wapi, na Levi alimpa kila kitu, mpaka kikohozi. Baada ya wiki chache alikuwa anamjua mama huyo kuliko shangazi zake. Usiku alilala akiwa amechoka kama aliyelima, maana uongo haujilishi wenyewe. Kila siku lazima uukatie majani.

Mazoezi yalikula muhula. Shule ilikuwa ya wavulana, kwa hiyo mama wa Nakhumicha aliimbwa na Kipkirui, kijana wa kidato cha pili kutoka Kachibora ambaye sauti yake ilikuwa bado haijavunjika, jambo alilotaniwa asubuhi na kutukuzwa jioni. Kilima kiliigizwa na timu ya raga, wamelala chini ya magunia, wakinguruma. Kilima hicho kilikuwa na tabia ya kusinzia. Mwalimu alikuwa akilazimika kukiamsha kwa kiatu kabla hakijaangamiza watu.

"Tena," alisema, sauti imekwisha. "Kutoka kwenye chumvi. Tena."

Siku ya Wazazi ilipofika waliimba opera nzima. Wazazi wengi walidhani itakuwa fupi. Lakini Kipkirui aliponyoosha kiganja kitupu na kuimba chumvi inayeyuka, bwalo lilinyamaza hata watoto wachanga wakashangaa. Katika safu ya tatu mwanamke mmoja mwenye leso ya bluu alisimama. Hakulia. Alitazama kile kiganja, kisha akatoka nje polepole, kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu jikoni.

Levi alimwona. Alifikiri ni sifa.

Baada ya siku kadhaa Mwalimu alimwita chumba cha muziki.

"Keti. Wametuita Namukulu."

"Kwenda kuimba?"

"Kwenda kuzika."

Yule mwanamke, Mwalimu alieleza, anaitwa Mama Sandra. Alikuwa mtu wa Namukulu. Kilima kilimchukulia nyumba, mume na binti, na tangu hapo anaishi Kitale kwa dada yake, ambaye mwanawe ni mmojawapo wa wale wa magunia. Baada ya opera alirudi kijijini, akapita boma kwa boma akiuliza: Nakhumicha ni wa nani? Hakuna aliyemjua. Waliulizana mpaka mtu akakumbuka kwamba kwa Makokha, ile familia iliyofunikwa yote, kulikuwa na msichana wa kazi. Alikuwa ameletwa muda mfupi kabla ya mvua. Kwao hapakujulikana. Jina lake hakuna aliyewahi kuliuliza, na aliyemwajiri alikuwa chini ya tope pamoja naye.

"Wanasema ndiye," Mwalimu alisema. "Wanasema, tuliwalilia wenye nyumba, tukamsahau aliyekuwa akiwafulia nguo. Inawauma, Levi. Watu wamechoka kiasi hicho na bado limewauma."

Levi alihesabu vitufe vya kinanda vilivyostaafu. Desturi aliijua. Mtu akifa na mwili usipatikane, unakatwa mgomba, unavikwa kama marehemu, unazikwa kwa heshima zote. Bila hivyo aliyekufa hapumziki, na aliye hai hapumziki.

"Si wangengoja kidogo, Mwalimu? Labda huyo msichana alirudi kwao kabla ya..."

"Aliondoka na nani, alfajiri, kwenye mvua ile?"

"Mimi nahisi malaria."

"Utaugulia huko." Mwalimu alivaa miwani. Uso wake ulikuwa na uchovu ule ule wa siku zote, ila sasa uchovu huo ulionekana kama umepata mahali pa kukaa. "Unajua, nimetunga nyimbo maisha yangu yote, watu wakapiga makofi wakaenda zao. Huu ndio wa kwanza uliofanya mtu ainuke achukue jembe."

Baada ya maneno hayo, nani angeweza kufungua mdomo? Levi aliufunga. Aliufunga mpaka Jumamosi, ndani ya lori la shule, waimbaji wamekalia magunia ya kilima, alipoinama kwenye sikio la Kipkirui na kumwambia yote.

"Ati ng'ombe?"

"Punguza sauti, bana."

"Mimi muhula mzima nimelilia ng'ombe?"

"Na umemlilia vizuri sana."

"Levi, wewe ni mgonjwa. Si umwambie Mwalimu?"

"Nitamwambia tukifika."

"Tukifika tutakuwa tumefika," Kipkirui alisema, akageukia upande wa pili, na hakusema naye tena mpaka lori lilipozima.

Kilima cha Namukulu kilikuwa kimebaki na kovu jekundu kutoka kileleni mpaka chini, na nyasi zilikuwa zimeanza kuliotea pembeni kwa woga. Chini ya kovu watu walikuwa wanaandaa mazishi bila kelele. Mmoja alifunga kamba ya turubai, mwingine akapanga viti, mwingine akachochea moto chini ya sufuria. Hakuna aliyemwelekeza mwenzake. Walikuwa wamezika sana, na kazi hiyo sasa mikono yao iliifanya peke yake. Levi alikuwa amehudhuria matanga mengi yenye vilio na vurugu na ugomvi wa nyama. Haya yalimwogopesha zaidi.

Mgomba ulikuwa umelazwa juu ya mkeka, umekatwa kwa urefu wa msichana. Kando yake alikuwa ameketi Mama Sandra na leso yake ya bluu. Alipomwona Levi alimwita kwa mkono.

"Wewe ndio ulimleta," alisema. "Mungu akubariki, mwanangu. Sisi tungemwacha hapo hapo."

"Si mimi, mama. Ni..."

"Ni wewe. Mwalimu ameniambia." Magotini alikuwa na gauni la njano lililokunjwa vizuri, mikunjo imekaa kama ya siku nyingi. "Hii ilikuwa ya Sandra wangu. Siku ile ilikuwa kwa fundi cherehani, inashushwa pindo, kwa sababu alikuwa amerefuka. Vitu vingine vyote vilienda na nyumba. Sasa huyu mtoto hana nguo, na hapa hana mama. Ataenda na ya dadake."

Levi alilitazama gauni. Pindo lilikuwa na uzi mpya.

"Mama, si ubaki nayo? Ni hii moja tu."

"Nibaki nayo nifanye nini?" Mama Sandra aliuliza bila hasira. "Kila siku naikunjua, naikunja. Nimechoka kuikunja."

Levi aliondoka pale kama mtu aliyekanyaga moto. Alimtafuta Mwalimu, akamkuta akipanga sauti, akifurahi kwa ile furaha yake nyembamba, akageuka kurudi alikotoka. Alijipa moyo: baada ya wimbo. Huenda wangebadili nia. Huenda mvua ingenyesha. Mvua haikunyesha. Kipkirui alisogea mbele ya kaburi lililo wazi, hakumtazama Levi, akaimba.

Aliimba kuliko siku zote. Pengine alikuwa na hasira. Watu hawakulia kwa sauti. Waliinamisha vichwa mmoja baada ya mwingine, kama mahindi jua likizidi. Kichwa kimoja tu hakikuinama. Kilikuwa kwenye kundi la akina mama waliokuja kwa miguu kutoka Bokoli kuwashika mkono majirani, kimefungwa kitambaa cheupe, na kilikuwa kinatazama moja kwa moja kwa Levi.

Kukhu Edinah alizunguka nyuma ya turubai taratibu, akiegemea mwavuli wake, akaja kusimama kando yake.

"Levi wa mwanangu."

"Kukhu. Umefika."

"Nimefika. Huyo mtoto ana kwato?"

"Kukhu..."

"Nauliza tu. Alama ya paji. Chumvi. Kuitwa jioni akatoa mgongo. Ana kwato ama hana?"

"Anazo, kukhu."

Kukhu alichomeka ncha ya mwavuli kwenye udongo. Wimbo ulikuwa umefika kwenye kiganja. "Ukiniuliza mimi, ni wimbo mzuri," alisema. "Hata mimi sikumlilia hivyo. Lakini yule mama anavalisha mgomba gauni la marehemu. Umeona?"

Levi alikuwa ameona. Akina mama wawili walikuwa wameinua mgomba, na Mama Sandra alikuwa anakunjua gauni, pindo kwanza.

"Utasema wewe ama niseme mimi?" kukhu aliuliza. "Mimi nikianza nitasema na ile siku ya video. Kijana wa boda boda ni wa kwetu, usisahau."

Wimbo ukaisha. Mhubiri, mzee mwenye sauti iliyokauka kwa mazishi, alisogea kwenye ukingo wa kaburi akauliza kama kuna ndugu wa mtoto huyu. Hakuna aliyejibu. Basi, akasema, aje yule aliyetuletea jina lake, amtupie udongo wa kwanza.

Levi alienda. Alisimama pale, watu wote wakimtazama kwa upole usiovumilika. Alikuwa amezoea hotuba. Angeweza kuhutubia meza.

"Mheshimiwa mhubiri," alianza, "wazazi, walimu, wageni waalikwa na wote mliohudhuria..."

Hapo akakwama. Gauni lilikuwa limefika nusu ya mgomba.

"Mama Sandra, ngoja. Usimvalishe. Tafadhali."

Mikono ya Mama Sandra ikasimama.

"Hakuna Nakhumicha," Levi alisema. "Yaani yuko. Alikuwa ng'ombe. Ng'ombe wa kukhu yangu, kule Bokoli, alienda na maji. Mwalimu hajui. Ni mimi nilimdanganya Mwalimu, yeye hana makosa."

Hakumtazama Mwalimu Gikonyo. Alisikia tu kitu kidogo kikianguka kwenye nyasi, na akajua ni miwani. Nyuma, karibu na sufuria, mtu aliuliza, "Anasemaje? Ati ng'ombe?" Mwingine akamnyamazisha.

Mama Sandra alikuwa bado amelishika gauni kwa mikono miwili. Uso wake haukubadilika. Ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha kupewa habari mbaya zaidi, na bado akaamka kesho yake.

"Rudia," alisema. "Kwa sauti. Wale wa nyuma hawajasikia."

Levi aliwageukia wale wa nyuma.

"Nilitumwa nije niketi na nyinyi niwasikilize," alisema kwa sauti, na sauti ikapasuka, na hakuna aliyecheka. "Mvua ikanyesha, nikaingia kuangalia sinema Webuye. Sikufika hapa. Hakuna mama aliyeniimbia. Wimbo nilitunga mwenyewe kwa gari, juu ya ng'ombe, kwa sababu ndiye pekee niliyekuwa nimemlilia. Na huyo msichana wa kwa Makokha..." Alisimama, akatazama lile shimo walilokuwa wamelichimba vizuri namna ile. "Huyo alikuwako. Lakini mimi jina lake silijui. Sikuja kuuliza."